Kelele Uliyosema Niiondoe

Kijiji cha New Congo,
Makazi ya Nakivale,
Isingiro, Uganda.

11 Machi 2014.

Kwako mdogo wangu mpendwa Appolinaire,

Pokea salamu mingi kutoka kwetu huku kwenye vumbi. Unaendeleaje wewe, wifi yangu Pascaline na watoto? Ule mgongo uliokuwa unakusumbua kwa ajili ya kazi ya kubeba maboksi, umepona? Na baridi ya Winnipeg mmeizoea, au bado mnavaa makoti mawili mawili kwenda kanisani kama kwenye picha mlizotuma? Tulizitazama sana zile picha. Chantal wangu alisema mjomba amenenepa hadi shingo imepotea. Nilimkemea, lakini kwa kweli hata mimi shingo sikuiona.

Sisi huku tuko wazima kwa neema ya Mungu, isipokuwa mama, na habari yake nitaifikia. Mvua imeanza, mahindi yamesimama vizuri. Maharage yangu ya karibu na dirisha yamekufa, na kufa kwao kunakuhusu, kwa hiyo vumilia usome.

Barua hii anakuletea Ulrich, mtoto wa marehemu baba mdogo. Ameshaitwa na ofisi ya wakimbizi, mwisho wa wiki hii anapanda ndege kuja huko kwenu. Pamoja na barua atakupa flash yenye nyimbo za mama. Usiifungue kabla hujamaliza kusoma. Ninakujua, mkono wako hukimbilia kitu kabla ya kichwa.

Sasa tuongee. Uliponitumia kile kisanduku chekundu cha kurekodi, chenye matundu mawili ya kuchomeka mikro, ulikifuatisha na e-mail ndefu kama waraka wa mtume. Mama arekodiwe nyimbo zake za Kifuliiru, za kulima na za kubembeleza mtoto. Sauti iwe safi. Kelele isisikike hata kidogo, kwa sababu jumuiya yenu ya Wakongomani itazipiga kwenye sikukuu, mbele ya wageni wakubwa. Ukaandika "professionnel" kwa herufi kubwa tupu. Nilicheka peke yangu. Mtu aliyejifunza kuimba akigonga dumu la maji kule kambi ya Oruchinga leo anatufundisha usafi wa sauti.

Mimi sikuhangaika na kisanduku chako kwa ajili ya sikukuu yenu. Lile rovu la mama la shingoni limekua. Daktari wa hospitali ya Ruharo alitueleza bila kutuficha: litakatwa tarehe 24 mwezi huu, na kwa vile limegandamana na mshipa unaotoa sauti, mama anaweza kuamka na sauti yake, au na sauti ya kukwaruza, au bila sauti kabisa. Mama akamjibu kwamba ameshaimba vya kutosha katika maisha yake. Jibu hilo sikuliamini, maana tukiwa njiani kurudi alianza kuimba kidogo kidogo, anajipima. Basi nikasema nyimbo hizi lazima zikamatwe kabla ya tarehe hiyo, na mashine yako nayo ikaamua kulia.

Ililia vuuu, mfululizo, bila kupumua. Mama akiimba, vuuu. Mama akinyamaza, vuuu. Nikakuandikia. Ukanijibu nipunguze nguvu ya mikro. Nikapunguza: mama akapungua, vuuu ikabaki palepale. Asante kwa ushauri huo.

Unamkumbuka Déo, prezida wa korali yetu, mtu asiyeweza kuona jambo likipita bila kulisimamia. Alisikiliza kelele ile akiwa amefumba macho kama anayepokea unabii, akatangaza kwamba umeme wangu haukuteremka ardhini. Akaja na nondo na nyundo, akaipigilia katikati ya maharage yangu, akamwaga chumvi na maji ya beseni zima, akavuta waya kutoka kwenye nondo hadi kwenye kisanduku. "Sasa umeme utashuka," akasema. Kilichoshuka ni maharage. Vuuu iliendelea, na Déo akaitisha kikao cha komite kujadili ubora wa chumvi.

Basi siku niliyompeleka mama kupimwa, nilikibeba kisanduku kwenye mkoba. Tulipomaliza Ruharo nikapita mtaa wa Kamukuzi kwa bwana mmoja anaitwa Conrad. Huyo ana studio ndani ya gereji ya shemeji yake na amevaa miwani ya jua humo ndani, kwenye giza. Sijui alikuwa anajikinga na jua gani. Nikamweleza shida yangu tangu mwanzo. Hakuuliza hata swali moja. Alikichukua kisanduku, akakipima uzito mkononi kama mtu anayenunua muhogo.

"Madam, hii iko feki," akaniambia. "Mimi nilisoma hii mambo Kampala. Hii mashine, hata uweke wapi, italia tu. Wewe niachie hapa, mimi nitakutafutia ingine."

Nikamwambia kwanza akichomeke. Hakupenda, lakini mama alikuwa amekaa kwenye kiti akimtazama, naye bado ni mtoto wa watu. Akachomeka kwenye kompyuta yake. Kimya. Mama akakohoa, kikohozi kikaingia safi kabisa, na nyuma yake kimya. Nikamtazama Conrad. Akavua miwani, akaifuta, akairudisha.

"Leo imeogopa," akasema.

Nilikichomoa kisanduku changu nikaondoka bila kuaga, na unajua mimi si mtu wa kuondoka bila kuaga. Lakini yule mjinga alinisaidia pasipo kutaka. Kama mashine inanyamaza Kamukuzi na kulia kwangu, ugonjwa uko nyumbani kwangu. Mbona hakuna mwanaume hata mmoja aliyeliwaza jambo hilo? Déo ana nondo, Conrad ana miwani, wewe una e-mail, na kichwa hakuna aliyekitumia.

Nilipofika nikaanza kuchomoa kitu kimoja kimoja, huku nimevaa visikilizio masikioni. Unajua umeme wangu: sola juu ya bati, betri chini ya meza, na ile inveta ya rahisi inayougeuza uwe kama wa ukutani. Nikachomoa redio, vuuu ipo. Nikachomoa taa, ipo. Nikachomoa mashine ya kunyolea ya jirani, ambaye kumbe alikuwa amevuta waya kwangu bila kuniambia. Hiyo ni kesi nyingine na tumeshaimaliza. Nilipochomoa chaja ya kompyuta, vuuu ikakatika kama imekatwa na panga. Umeme wa inveta yangu ni mchafu, chaja ilikuwa inauingiza kwenye kompyuta, na kompyuta inaupeleka kwenye kisanduku. Tangu siku hiyo tunarekodi kompyuta ikila betri yake yenyewe. Ikiisha tunapumzika, inachajiwa, tunaanza tena. Ulikuwa unajua jambo hilo? Hukujua. Huko kwenu umeme unatoka ukutani umeshaoga.

Ugonjwa wa pili ulikuwa wa kuzimia. Mama yuko katikati ya wimbo wa kupanda mtama, sauti imepanda vizuri, ghafla kompyuta inaandika kwamba haioni kifaa chochote. Nilidhani kisanduku kimekufa. Kumbe ule waya uliotuma ni mfupi, na Déo, kwa ukarimu wake, alikuwa ameurefusha kwa waya wa kuchajia simu na kile kigawio chenye matundu mingi alichookota sijui fasi gani. Mtu akipiga teke meza, yote inalegea. Nikavitupa vyote, nikasogeza meza, nikachomeka waya wako moja kwa moja kwenye kompyuta. Haikuzimia tena. Halafu kulikuwa na kukatakata kwa sauti, kama mama anaimba huku anatafuna karanga. Hapo, ninakupa haki yako, e-mail yako ilifaa: ile namba ya kwenye programu ya kurekodi uliyosema niiongeze niliiongeza, ile programu ya kuzuia virusi nikaifunga, na karanga zikaisha. Umepata moja, usijisifu.

Ikabaki kelele moja, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. Ti-ti-ti, ti-ti-ti, halafu drrr. Unaijua. Ni ile inayoingia kwenye redio simu ikitaka kuita. Haikuwa na saa maalumu. Tunarekodi wimbo hadi karibu mwisho, inaingia. Tunarudia, haiji. Tunafurahi, inakuja. Nikasema bien, hizi ni simu, watu wazime simu.

Wewe uliondoka zamani, umesahau. Huku hakuna mtu anayezima simu. Kila mtu anangoja ofisi imwite kwa habari ya safari, na kila mtu amesikia habari ya ile familia ya kijiji cha Juru iliyopigiwa simu ikiwa imezimwa, nafasi yao ikapewa wengine. Familia hiyo sijawahi kukutana na mtu aliyeiona kwa macho, lakini jina lake linaogopwa kuliko shetani. Ulrich mwenyewe aliitwa akiwa anaoga, akapokea na sabuni machoni, na sasa vijana wote wanaoga na simu. Mwaka jana, wakati wa ubatizo, mtu mmoja alizamishwa ziwani mkono mmoja umebaki juu ya maji, umeshika simu. Mchungaji hakusema kitu. Na yeye anangoja.

Basi korali walipokuja kumwitikia mama, nilisimama mlangoni na beseni. Nikasema simu zote humu. Walinitazama kana kwamba nimeomba figo zao. Mwishowe tukapatana: beseni litakaa ng'ambo ya barabara kwa Goreti, yule mwenyeji Munyankore anayeuza maziwa, naye atalichunga, simu ya ofisi ikiita amwite mwenyewe.

"Nitaita kila mutu na jina yake," Goreti akaahidi, "lakini musirudi kusema Goreti alikula safari yetu."

Wakatoa, mmoja mmoja, kama wanaweka sadaka ya lazima. Déo akatoa simu yake kwa heshima kubwa, akawahubiria wengine juu ya utii. Tulipoinamisha vichwa kuomba kabla ya kuanza, soksi yake ikaita. Alikuwa na ya pili. Sikumwambia kitu kirefu. Nilimwambia aende akakae kwa Goreti pamoja na beseni, kwa sababu yeye pia ni simu.

Tukaanza. Hakuna simu, hakuna chaja, hakuna Déo. Mama akaimba beti mbili nzuri sana, korali wakaitikia kwa adabu. Na ti-ti-ti ikaja.

Appolinaire, siku hiyo niliwadharau watu wote wa Mungu. Niliwapapasa wale mama wa sauti ya pili kama askari wa gereza. Niliwaita waongo, nao wakaapa kwa majina ya marehemu wao. Mwishowe nikaishika mikro mkononi, nikavaa visikilizio, nikaanza kutembea nayo polepole ndani ya chumba, nasikiliza kelele inakua wapi. Kwa wanaume ikafifia. Kwa wanawake ikafifia. Nilipogeuka kwa mama ikalia hadi nikavivua visikilizio.

Mama alikuwa amekaa, mkono kifuani, juu ya kikwembe alichojifunga.

"Mama, uko na simu?" nikamuuliza.

"Iko hapa," akasema.

"Mbona haukuiweka kwenye beseni na wengine?"

"Wao wanangojea ofisi," akasema. "Mimi sina mambo na ofisi."

Nikamwomba aizime, ni kwa muda wa wimbo mmoja tu. Akakataa. Nikamwuliza anaogopa nini. Akanijibu mbele ya korali yote, bila aibu: "Ule mutoto akipiga akute imefungwa, atawaza kama nilishakufa."

Ule mtoto ni wewe.

Ni kile kisimu cha tochi ulichomwachia siku ulipoondoka, na laini ndani yake ni ile ile. Sisi wote tulihama ile laini zamani, maana mnara wake uko mbali, na hapa New Congo mtandao wake hauingii vizuri. Mama alikataa kuhama kwa sababu hiyo ndiyo namba uliyo nayo. Na simu iliyo mbali na mnara hupaza sauti zaidi, kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde. Kwa hiyo inaita mnara mchana kutwa, juu ya kifua cha mama, na hiyo ndiyo kelele unayoniandikia niiondoe.

Mimi ninajua mara ya mwisho ulipompigia, ilikuwa Noeli ya mwaka juzi. Kwa mashine umeniandikia e-mail hadi nimechoka kuzifungua. Unataka kujua mikro iko umbali gani na mdomo wake. Wewe uko umbali gani? Yeye mwenyewe alijaribu kukupigia mwezi wa kwanza. Akapokelewa na mwanamke anayesema kizungu, halafu mlio. Mama akamsalimia yule mwanamke vizuri, akamwuliza habari za nyumbani na za watoto, akamngoja ajibu. Baadaye akatuambia Pascaline amejifunza kizungu lakini amekuwa mkavu kidogo. Hatukumwambia kwamba ni mashine. Nilikukasirikia siku hiyo, na ninapoandika hivi bado nimekukasirikia.

Lakini siku ya kurekodi nilitaka wimbo, basi nikabembeleza. Nikamwambia tuiweke simu dirishani, mbali na mikro, anaiona, ikiita tunampa mara moja. Akakubali kwa shingo upande. Ti-ti-ti ikaisha kabisa. Tukarekodi ule wimbo wa kubembeleza mtoto tangu mwanzo hadi mwisho, safi, hakuna vuuu, hakuna karanga, hakuna kitu. Na haukufaa. Macho yake yalikuwa dirishani. Aliruka maneno anayoyajua tangu usichana wake, sauti ikatembea kama mtu anayetafuta mlango wa choo gizani. Hata korali waliacha kuitikia. Alipomaliza akasimama mwenyewe, akaenda kuichukua simu, akairudisha kifuani, akakaa.

Akasema, "Sasa musinisumbue tena. Ninaimba."

Akaimba, mdogo wangu. Sijui nikueleze vipi. Aliimba kama tulivyomsikia zamani kule kwetu, kabla ya kambi na kabla ya rovu. Wale mama niliowapapasa walilia, na mimi nililia huku nashika waya. Ti-ti-ti iliingia katika ubeti wa pili na tena karibu na mwisho. Sikusimamisha kitu.

Kwenye flash, pamoja na nyimbo nyingine, kuna rekodi zote mbili za ule wimbo wa kubembeleza. Ile safi nimeiandika "Safi". Ile nyingine nimeiandika "Mama". Kwa sikukuu yenu na wageni wenu wakubwa, piga ile safi, hawatajua tofauti, watapiga makofi na kula sambusa. Ile nyingine isikilize nyumbani, mlango umefungwa. Na usiniandikie tena e-mail kuniuliza kama kuna programu ya kuisafisha. Ulrich ameshaniambia ipo. Sitaki.

Atafika kwako kabla ya tarehe 24. Ukimaliza kusoma hapa, utakuwa bado na siku kidogo mbele yako. Mama yuko macho tangu alfajiri, na namba unaijua.

Chantal anakusalimia, na amesema mjomba asikasirike kwa habari ya shingo. Goreti anawasalimia, anauliza kama huko kuna ng'ombe wenye pembe. Déo anakusalimia kwa niaba ya komite nzima. Msalimie wifi yangu Pascaline, uwabusu watoto kwenye paji la uso kwa ajili yangu. Mungu aliyewavusha maji yale yote awalinde humo kwenye theluji, asiifanye mioyo yenu kuwa baridi.

Mama hakutuma salamu. Nilimwuliza nimwandikie nini, akasema nisiandike kitu, salamu zake atakupa mwenyewe ukipiga.

Ni mimi dada yako, anayekupenda hata akikununia,

Viviane.